Kijana Atakaye Kuandika: Mafunzo Kutoka kwa Mathias Mnyampala

Katika vijiji vyetu vya Ugogo, toka Mpwapwa na Kongwa mpaka Bahi na Manyoni, wako vijana wengi ambao wakimaliza kazi ya shamba au ya shule huketi na daftari wakajaribu kutunga. Huyu atunga shairi, yule aandika kisa, mwingine atengeneza utenzi wa kuimbwa kanisani siku ya Pasaka. Tumesoma maandishi yao mengi, na maswali wanayotuletea ni mawili. La kwanza ni hili: Tusome nini ili tupate kuandika vema? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: Je, mtu wa bara, aliyenyonya Kigogo kwa mama yake, aweza kweli kuwa mwandishi wa Kiswahili, au kazi hiyo ni ya watu wa pwani?

Tumeona vema kuwajibu kwa kumtazama mtu mmoja wa kwetu aliyekwisha kuipita njia hiyo, yaani marehemu Mathias Mnyampala. Huyu alikuwa Mgogo, Mkristo wa Kanisa Katoliki, aliyezaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, akafariki mwaka 1969. Katika ujana wake alifundisha shule, kisha akawa karani katika serikali ya wenyeji, na baadaye akawa hakimu. Katikati ya kazi hizo zote aliandika: historia, visa, mashairi, tenzi na ngonjera. Hatutaki kumsifu tu, maana sifa zisizopimwa hazimfai marehemu wala msomaji. Twataka kuonyesha ni wapi alipoandika vizuri kupita wengi, na ni wapi tuonapo kalamu yake imepungukiwa. Na neno letu lote laweza kufupishwa hivi: Mnyampala aliandika vema kila alipoanza kwa kuuliza, na alipungukiwa kila alipoanza kwa kujibu.

Tuanze na mambo aliyoyakuta duniani. Mwaka 1917 haukuwa mwaka mwema kwa Ugogo. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imepita katika nchi hii, na majeshi, kwanza ya Wadachi na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mvua nazo zikakosa. Ndipo ikaanguka ile njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, iliyoendelea mpaka mwaka 1920. Yakadiriwa ya kuwa watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000, maana yake katika kila watu watano mmoja alizikwa, au hakupata hata wa kumzika. Mtoto aliyezaliwa wakati huo alikua kati ya watu waliokuwa na mengi ya kusimulia, na pengine mengi ambayo hawakupenda kuyasimulia bila kuulizwa.

Vitabu vilikuwa vichache. Katika vijiji vya siku zile palikuwa na katekisimu, vitabu vya Injili, vitabu vya sala na nyimbo, vitabu vya kwanza vya kusomea, na mara mojamoja gazeti lililopita katika mikono kumi kabla ya kufika. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, nalo lilifungua mlango mkubwa, kwa kuwa ndani yake mashairi na barua za watu wa pwani na wa bara zilikutana katika ukurasa mmoja. Kabla yake misioni zilikuwa na magazeti yake madogo, kama Msimulizi lililotoka Zanzibar tangu mwaka 1888. Hata hivyo kijana wa bara aliyesema amesoma vitabu vyote vya kijijini kwao huenda hakusema uongo, maana vyote vilitosha katika kikapu kimoja.

Lakini palikuwa na kisomo kingine. Jioni, ng'ombe wakiisha kuingia zizini, wazee walisimulia hadithi na watoto walitegana vitendawili. Zeze na marimba zililia, na wanawake wakapiga ngoma ya muheme. Na mchana, chini ya mbuyu, wazee walikaa kuamua kesi za ng'ombe na za mahari. Katika mabaraza yale mtu hakushinda kwa kupaza sauti. Alishinda aliyejua nani alimzaa nani, na ng'ombe gani alitolewa kwa ajili ya binti gani, na nani alikuwapo akashuhudia. Kijana aliyekaa pembeni akisikiliza alikuwa akisoma, ingawa hakushika kitabu.

Basi twasema kwamba kusoma kwa mtungaji ni kwa namna mbili, kwa macho na kwa masikio. Vijana wetu wengi wanaijua ile ya kwanza tu. Wakiuliza wasome nini, wataka orodha ya vitabu. Orodha ni njema, nasi hatuikatai. Lakini kumbukeni habari ya Bwana wetu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, jinsi alivyoonekana hekaluni ameketi kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Mwinjilisti ataja kwanza kusikiliza na kuuliza, kisha ndipo ataja majibu yake yaliyowastaajabisha watu. Mpango huo si wa bure.

Sasa tukitazame kitabu cha Mnyampala ambacho sisi twakiweka mbele ya vyote, nacho ni Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichopigwa chapa na East African Literature Bureau mwaka 1954. Twajua ya kuwa wengine watashangaa. Mtu akitaja jina la Mnyampala, mara moja watu hukumbuka mashairi na ngonjera, wala si historia. Lakini msomaji aliye na subira ataona kwamba hapa ndipo mtu huyu alipofanya kazi ngumu kuliko zote. Wagogo si watu wa asili moja. Wako ambao babu zao walitoka Uhehe, wako wa Unyamwezi, wako wa Ukaguru na kwingineko. Hata jina lenyewe la Wagogo, wasema wazee, tulipewa na wapita njia wa misafara. Mtu atakaye kuandika habari za watu kama hao hawezi kukaa mezani akabuni. Sharti aende kwa ukoo huu na ukoo ule, aulize asili yao, na njia waliyoipita, na watemi wao, na desturi zao.

Hii ndiyo kazi aliyoifanya. Alikuwa karani, na karani wa serikali ya wenyeji hukutana na wazee kila siku. Lakini makarani wengi walikutana nao wakaandika kodi tu. Yeye aliandika na maneno yao. Tena aliandika kwa Kiswahili chepesi, bila fahari. Yako malalamiko ya kwamba kitabu hiki kimejaa majina ya koo na ya watu, nacho huchosha. Twakubali kwamba ni chakula kigumu, kama mtama usiokobolewa. Lakini mtama ndio uliotulea, na majina yale si mapambo. Ukoo usiotajwa katika kitabu cha namna hii huenda usitajwe tena popote. Mtakatifu Luka naye, mwanzoni mwa Injili yake, aeleza kwamba alichunguza mambo yote kwa uangalifu, kama walivyoyapokeza wale walioyaona kwa macho. Hakujiona amepungukiwa heshima kwa kuwa mwulizaji.

Na faida yake imeonekana. Watu waliokuwa wazima wakati wa Mtunya walikuwa hai bado Mnyampala alipokuwa akikusanya habari. Leo hakuna hata mmoja wao aliyesalia. Mwanachuoni wa Kimarekani, Gregory Maddox, alikifasiri kitabu hiki kwa Kiingereza, nacho kikatoka mwaka 1995, ili watu wa mbali wapate kujifunza habari za Ugogo kutoka kwa Mgogo. Ingekuwa aibu mgeni akisome, na kijana wa Ihumwa au Mvumi asijue kwamba kipo.

Tukija kwenye mashairi, Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963. Hapa twamwona amevaa vazi lililoshonwa pwani. Wasomaji wetu wanajua ya kuwa shairi la desturi lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16, nane upande huu na nane upande huu, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Sheria hizo zilikuwa zikipokewa kwa kusikia, hata Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alipoziandika katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954, mwaka uleule wa Historia ya Wagogo. Mnyampala alizishika sheria hizo sawasawa. Hakupunguza mizani kwa udhuru kwamba yeye ni mtu wa bara. Na watungaji wenzake walimheshimu, hata akawa mmoja wa viongozi wa UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Kwa jambo hili twamsifu bila kusita, maana lajibu lile swali la pili la vijana wetu. Mizani si urithi wa damu. Hujifunzwa, kama useremala. Tena njia ile ilikuwa na watu wa kwenda na wa kurudi. Katikati ya miaka ya 1940 Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, mtungaji mkuu wa Kiswahili wa wakati wake, alihamishwa na kazi yake ya serikali akaja kukaa Mpwapwa katika idara ya mifugo. Mtu wa pwani alikuja kuona vumbi letu na mibuyu yetu, na mtu wa kwetu alikwenda kujifunza bahari ya ushairi wao. Lugha iliyowakutanisha hao wawili haiwezi kuitwa mali ya upande mmoja.

Lakini twaona na upungufu. Katika mashairi yake Mnyampala mara nyingi alipenda maneno mazito ya kishairi, yenye asili ya Kiarabu, ambayo mwanakijiji wa Bahi au Kongwa hayasikii ila kitabuni. Kitabu chake kimoja chaitwa Waadhi wa Ushairi. Mtu aliyelelewa katika misioni angesema mahubiri au mawaidha. Hili neno waadhi ni la darasani kwa masheikh. Si vibaya kulijua, na kila neno jipya ni mali. Twasema tu kwamba mwanafunzi huonyesha kazi ya mwalimu wake kwa muda, kisha huanza kuonyesha ya kwake. Na katika mashairi mengine ya Diwani twamsikia mwalimu kuliko mwanafunzi. Yule mtu aliyewauliza wazee katika Historia, aliyejua jina la kila ukoo, hasikiki sana. Pahali pake amesimama mshauri, awaonya watu kwa ujumla. Na maonyo ya jumla, hata yakiwa ya kweli, humpita msikilizaji kama upepo wa Agosti juu ya tembe.

Aliyatumia vizuri zaidi mafunzo ya pwani katika Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, alivyovitoa katika miaka ya 1960. Utenzi ni chombo cha kale. Mistari yake ni mifupi, ya mizani nane. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti mpaka mwisho, hata msikilizaji hukingojea kama mtu angojeavyo kiitikio. Watungaji Waislamu wa Pate na Lamu walikitumia chombo hiki kusimulia vita na habari za dini yao. Utenzi wa Herekali wa huko Pate una tarehe ya mwaka 1728. Mnyampala alikiazima chombo hiki akatia ndani yake maneno aliyoyajua tangu kisomo chake cha kwanza, yaani Injili.

Kwa nini twasema hapa alifaulu? Kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kukaa ndani yake kabla hajapata chombo. Hakwenda pwani kutafuta la kusema. Alikwenda kutafuta namna ya kulisema. Tena Injili imejaa mazungumzo: mtu auliza, Bwana ajibu; Mafarisayo wanung'unika, kipofu apaza sauti. Utenzi wapenda sana mambo ya namna hiyo, na mkulima asiyejua kusoma aweza kukaa akausikiliza ukiimbwa, akaelewa tangu mwanzo hata mwisho. Wakristo wa kwetu wamepata hapa mfano mwema. Jambo likiwa letu, chombo chaweza kuwa cha jirani, wala hakuna aibu wala hasara.

Sasa twafika kwenye ngonjera, na hapa twaomba wasomaji wetu wasitukasirikie, maana wengi wao waliimba ngonjera shuleni nao wazipenda. Mnyampala ndiye ahesabiwaye kuwa mwanzilishi wa ngonjera kama tuzijuavyo: mashairi ya kujibizana, yanayosemwa kwa moyo na watu wawili au makundi mawili mbele ya hadhira, kwa ishara na vitendo. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiisha kufariki. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ngonjera zilienea katika nchi yote. Kila shule ilikuwa nazo, na kila sikukuu ya taifa ilizisikia. Kwa watu wasio na vitabu zilikuwa kitabu cha kusimama na kutembea. Ni mtungaji gani mwingine wa kwetu aliyepata kusemwa kwa kinywa na watoto wengi namna ile? Hilo ni jambo kubwa, nasi hatulipunguzi.

Hata hivyo itazameni ngonjera ilivyojengwa. Pande mbili zasimama: mmoja ajua, wa pili hajui. Yule asiyejua huleta shaka yake, naye hujibiwa. Huleta ya pili, hujibiwa. Mwisho hukiri kwamba ameelimika, wakakubaliana. Mtoto anayepewa sehemu ya mjinga ajua tangu ubeti wa kwanza kwamba atashindwa. Shaka zake zimechaguliwa ziwe nyepesi, ili zianguke upesi. Nasi twajiuliza: Huyu mtungaji alikuwa hakimu. Mahakamani alizoea kumsikiliza mdai na mdaiwa, wala hakimu mwema hatoi hukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Mbona katika ngonjera mmoja amehukumiwa kabla ya kufungua kinywa?

Baadhi ya walimu wenzetu hujibu kwamba ngonjera ni chombo cha kufundishia, na mafundisho hayana budi kuwa wazi. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitutoshelezi. Tazameni kitabu cha Ayubu. Ndani yake rafiki watatu wajibizana na mtu aliyepatwa na msiba, na maneno ya hao rafiki si ya kijinga. Yangeweza kuhubiriwa kanisani Jumapili, na watu wakaitikia. Ndiyo maana msomaji hushikwa, akageukia huku na huku, asijue ni nani mwenye haki, mpaka Mungu mwenyewe anene. Na anaponena, huwakemea wale waliodhani wana jibu la kila jambo. Kitabu kile chafundisha, tena chafundisha kwa kina, kwa sababu kila msemaji amepewa nguvu zake zote.

Jambo hili si la ustadi wa maneno tu. Katika miaka ileile vitabu vya ngonjera vilipokuwa vikitoka, yaani mwaka 1970 na 1971, hapa kwetu ilianza kazi iliyoitwa Operesheni Dodoma. Watu wa Ugogo, waliokuwa wamekaa kwa kutawanyika, kila mtu na tembe lake na zizi lake karibu na shamba lake, walihamishwa wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa. Iko faida iliyopatikana: shule, zahanati na maji vilisogea karibu na watu wengi. Lakini wakati ule mzee mmoja aweza kuwa alisimama mlangoni pake akauliza: Ng'ombe wote hawa wakikusanywa mahali pamoja watakula nini mwezi wa Oktoba? Makaburi ya baba zangu nimwachie nani? Shamba langu likiwa mbali, nani atafukuza ndege mtama ukiiva? Haya si maswali ya mjinga. Ni maswali ya mtu ajuaye nchi ambayo mvua yake huja toka Desemba mpaka Aprili tu, tena kidogo. Katika ngonjera mtu huyu angepewa beti chache za woga, kisha angekubali na kushangilia. Mnyampala mwenyewe hakuishi kuyaona hayo, wala hatumtwiki mzigo wa mambo yaliyotendeka baada ya kufa kwake. Twasema tu kwamba yule Mnyampala wa mwaka 1954 angelikwenda kwa mzee huyo na daftari, angelimwuliza. Na yule wa ngonjera alikuwa amekwisha kumwandikia jibu.

Basi tuwarudie vijana wetu, tuwape shauri letu.

Kwanza, someni vitabu, wala msichague vya aina moja. Msomeni Mnyampala, lakini anzeni na Historia kabla ya Diwani. Msomeni Shaaban Robert, tena msiishie kwenye mashairi. Tafuteni na barua zake, zile alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge toka mwaka 1931 mpaka 1958, zilizopigwa chapa mwaka 2002. Humo mtajifunza kwamba mtungaji hakuzaliwa na kalamu iliyokwisha kuchongwa; aliichonga siku kwa siku kwa kuandika mambo ya nyumba, ya kazi na ya ndugu. Kijana anayeandika barua moja safi kila juma amefanya zoezi jema kuliko yule anayetunga utenzi mmoja mrefu kila mwaka.

Pili, msidharau Kigogo chenu mnapoandika Kiswahili. Hatusemi mchanganye lugha hata msomaji wa Tanga asielewe. Twasema kwamba mambo mliyoyaona kwa Kigogo, kama vile njaa zilizopewa majina, ng'ombe walivyoitwa kwa rangi zao, namna ya kumwomba mzee ruhusa ya kunena, ndiyo mali yenu. Mtu akiacha mali yake na kuandika habari za mawimbi na majahazi ambayo hajayaona, huwa kama mtu mwenye zizi aendaye kuomba maziwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, punguzeni maonyo. Katika maandishi kumi ya vijana tunayoyasoma, pengine manane ni mawaidha: acheni ulevi, wapendeni wazazi, someni kwa bidii. Yote ni kweli, na mhubiri ayanena Jumapili. Lakini mwandishi aliye na miaka ishirini amepata wapi kuwafundisha watu kabla ya kuwauliza? Asiyeuliza hana ajifunzalo. Badala ya kuandika shairi la kulaumu ulevi, nendeni mkamwulize mtu aliyeacha pombe ni siku gani aliiacha, na asubuhi yake aliamkaje, na nani alimcheka. Andikeni hayo. Atakayesoma atajionya mwenyewe.

Wale waliokuwa watu wazima wakati wa Operesheni Dodoma sasa ni wazee sana, na kila mwezi twawazika wachache wao. Hivyo ndivyo walivyokuwa watu wa Mtunya siku Mnyampala alipokuwa akiandika. Wako kijijini kwako. Mmoja wao pengine ni babu yako au bibi yako, na jioni huketi peke yake kwa sababu vijana wote wameinamia simu. Mwendee. Mwamkie kwa lugha yake, mbukwa, ungoje aitikie, kisha umwulize pole pole: Mlihama mwezi gani? Mlibeba nini, na mliacha nini? Tembe lenu lilibomolewa na nani? Ng'ombe walikuwa wangapi, na mwaka uliofuata walikuwa wangapi? Asipotaka kujibu, usimsumbue. Rudi siku nyingine. Akijibu, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yasipopatana na uliyofundishwa, hata yasipopatana na ya jirani yake. Usiweke shairi juu yake bado. Mashairi yatakuja, Mungu akipenda, na yakija yatakuwa na kitu cha kubeba.

Nasi twawaomba wale watakaofanya hivyo watuletee maandishi yao, yawe ya ukurasa mmoja au ya kumi. Twapenda kusoma kurasa za namna hiyo kuliko beti mia za maonyo.